Wathome na kreti ya maji

Kombo, Wathome ametuuza! Fainali imepotea, na aliyetufunga ni mdomo wake, si wale vijana wa chuo cha Kayole.

Sikia. Mapumziko, tunaongoza moja bila. Mashabiki tumewazunguka wachezaji wetu kama kawaida, kocha ameinama anachora mpango chini. Wathome akamwona kocha msaidizi wa wapinzani akipita, yule mwenye kitambi. "Wewe kocha wa chupa! Njoo ugawe maji, hiyo ndiyo kazi unayoijua."

Watu walicheka mpaka machozi. Na jamaa akaja, Kombo! Akaja! Akabeba kreti, akagawa maji polepole, huku kocha wetu akieleza kwamba mipira yote apewe winga wetu Zaki, kushoto. Wathome akajiona mfalme.

Kipindi cha pili, Zaki akakabwa na watu watatu. Hata kupumua hakupumua. Tukalala tatu moja.

Halafu yule kocha akamrudishia Wathome kreti tupu. "Asante, mzee wangu. Mkikosa mtu wa maji, niite tena."

Sasa Wathome, mwenyekiti wetu wa mashabiki, amesimama hapa mtaani Umoja anapiga kelele eti refa alinunuliwa. Refa! Na kreti bado ameikumbatia.