Liwa Usoni mwa Nasra

Jumatatu, 3 Februari

Saa mbili asubuhi. Vidonge vyeupe vitatu, cha manjano kimoja, maji gilasi nzima. Ummi ananihesabia kwa vidole. Ana miaka minne na anazijua dawa za mamake kuliko sura za msahafu. Sipendi, lakini ndivyo.

Kliniki. Majibu ya damu. Chanjo ya homa ya ini, sindano tatu, zote nimechomwa kwa tarehe zake. Haikushika. Nilidhani nimesikia vibaya. Sista Kadzo akanieleza polepole: dawa zinazozuia mwili usilikatae figo nililopewa na mamangu ndizo hizo hizo zinazouzuia mwili usijifunze chanjo. Tutarudia. Huenda ikashika, huenda isishike. Ya mafua nichomwe kila mwaka vile vile, hata ikinipa kinga nusu. Zile zenye virusi hai, ya surua, ya tetekuwanga, nisiziguse maisha.

Nikamuuliza, basi kinga yangu ni nini?

"Watu wako," akasema. "Wachanjwe wao. Wanawe mikono wao. Na wakiugua wakwambie."

Nilicheka. Sista Kadzo hawajui watu wangu.

Jumatano, 5 Februari

Kuze, kwa wakwe. Harusi ya dada mdogo wa mume wangu Athman ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mtaa mzima una haraka ya kuoza kabla Ramadhani haijaingia. Nilienda kuchambua mchele kwa sababu mkaza mwana asiyeonekana jikoni huitwa mwenye kiburi. Nikakaa dirishani na barakoa yangu. Nikala kwenye sahani yangu, si kwenye sinia. Wifi Rukia, dada mkubwa wa Athman, akaniuliza mbele ya wanawake wote: "Wifi, hiyo barakoa atakuja kukuvua mwosha maiti?" Wakacheka. Nami nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Nasra, bintiye Rukia, alikuwa kapakwa liwa, ule unga wa msandali, uso mzima, shingo, mpaka mikono. Nikauliza ana nini. Mavyaa, mamake Athman, akawahi kujibu kabla ya Rukia. "Vipele vya joto tu. Joto hili, mtoto gani hana?" Na kweli joto ni kali. Liwa ndiyo dawa yake, hata mimi nilipakwa utotoni. Sikuuliza tena.

Mchana Ummi na Nasra walilala mkeka mmoja, kichwa kwa kichwa. Niliwaangalia nikaona raha.

Ijumaa, 7 Februari

Mikono yatetemeka. Dawa. Uzi hauingii sindanoni. Kofia ya mteja ninayoishona imekaa wiki ya pili, bado upande mmoja. Ummi akaja akanitilia uzi. Mara ya kwanza tu, tena kwa ulimi nje. Nimembusu mpaka akakasirika.

Jumanne, 11 Februari



Bi Mishi alikuja. Yeye ndiye mwalishi wa harusi hii, apita mlango kwa mlango kualika kwa mdomo, maana kwao kadi peke yake ni matusi. Kapanda ngazi zetu mbili hapa Mwembe Tayari akihema, kanywa maji, kaalika vizuri. Kisha anaondoka, mkono kwenye kitasa: "Ila mwanangu, Ummi usimuweke karibu na Nasra. Tetekuwanga imemshika kweli kweli, maskini. Lakini mimi sikusema."

Nikamuuliza tangu lini. Tangu Jumanne iliyopita.

Jumanne. Jumatano nilikuwa pale.

Akasema mavyaa kawakataza kuitaja. Kwanza jicho la watu. Pili, wageni wakisikia hawatakuja harusini. Ndipo mtoto akapakwa liwa.

Nilimpigia Sista Kadzo. Akauliza Ummi amechanjwa tetekuwanga? La. Siku ngapi zimepita? Sita. Akasema sindano ya Ummi ingefaa siku tatu za mwanzo, sana sana tano. Nafasi ilikuwepo basi. Ilikaa imefunikwa na liwa.

Na mwaka jana niliomba. Nilimwambia Athman tumpeleke Ummi kwenye kliniki ya kulipia akachomwe, kwa sababu yangu. Mavyaa akasema tetekuwanga ni ya watoto, itatoka yenyewe, mbona sisi sote tulitoka? Athman akaitikia mamake. Nami nikanyamaza. Nimejikasirikia hapo zaidi ya pote.

Ya watoto. Kwangu mimi yaingia mapafuni. Yaingia kichwani. Mamangu alipasuliwa ubavu mimi niishi, na hawa wanaficha kwa ajili ya biriani.

Jumatano, 12 Februari

Kliniki saa moja asubuhi. Nimesubiri nje chini ya mti, nisiingie kwenye wagonjwa wengine. Wametoa damu waone kama nina kinga ya zamani. Mamangu aapa kwenye simu kwamba niliugua nikiwa mdogo. "Mimi ndiye niliyekuosha na mwarobaini, nisahau?" Sista akasema tusubiri damu. Nimeanza vidonge vya kuzuia virusi leo, siku ya saba. Nimeambiwa ninywe maji mengi kwa sababu ya figo.

Leo, akasema, mimi na Ummi hatuwezi kumuambukiza mtu. Kuanzia kesho huenda tukaweza hata kabla ya kipele kutoka. Tukae ndani mpaka siku ishirini na moja zitimie. Na Ummi alale nyumba nyingine, kwa mtu aliyewahi kuugua.

Nikauliza, na wajawazito? Akasema asiyewahi kuugua asikaribie kabisa. Na vichanga.

Basi nilikuwa na leo tu. Nikaenda Kuze.

Nilipita nilikojua Bi Mishi amepita. Nyumba nne, zile ninazojua zina mimba au kichanga. Sikuingia hata moja. Nilisimama njiani na barakoa, nikabisha hodi, nikasema yale yale kila mlango: harusi ipo, lakini Nasra ana tetekuwanga, na hapa kwenu pana mimba, au pana mtoto mchanga. Wa kwanza alinishukuru, akaweka mkono tumboni. Wa pili akaniambia nina husuda na harusi ya watu. Wa tatu alisikiliza, akasema atakwenda tu, keshakatiwa nguo ya sare. Wa nne hakufungua, aliitikia dirishani juu. Nikampigia kelele mpaka njia nzima ikasikia.

Sikuona haya hata kidogo.

Alhamisi, 13 Februari

Ummi kaenda kwa mamangu, Ganjoni. Athman alimchukua na mkoba wake. Nilimwambia ni safari ya kulala kwa nyanya. Akauliza kwa nini sikumbusu. Nikasema Mama ana kazi. Uongo wa kijinga. Nilikuwa nimesimama tu.

Adhuhuri mavyaa akaja. Hakupanda. Alisimama chini akapaza sauti, duka zima la nguo chini yetu linasikiliza.

"We Zena! Umetutoa utupu!"

Nikatoa kichwa dirishani. Nikasema, "Shikamoo, Mama. Kwa nini hukunambia?"

"Nikwambie nini? Si umechanjwa wewe? Kila mwezi uko hospitali kuchomwa, hizo sindano zafanya nini basi?"

"Hazishiki, Mama! Nimechomwa, hazishiki! Nimewaambia mara ngapi?"

Akasema mtoto hatajwi ugonjwa wake mbele za watu. Akasema nimepita mlango kwa mlango kama mwalishi wa msiba. Mwenye duka akamletea kiti. Akakataa kukaa.

Nikamwambia kwa adabu, lakini kwa sauti, kwamba Ummi hatakanyaga Kuze tena mpaka nijue nitaambiwa kweli. Kisha nikafunga dirisha. Sijawahi kumfungia mtu mzima dirisha. Nililia baadaye, jikoni, nikiosha kikombe kimoja.

Athman jioni: "Ungeniambia kwanza."

"Ningekwambia, ungenizuia."

Akachukua kikombe kile akakiosha tena. Ina maana nimesema kweli.

Jumapili, 16 Februari

Harusi imepita. Athman alienda, ni dadake. Alirudi mapema, akinukia udi. Alivua kanzu mlangoni, akaoga kabla hajaniamkia. Sikumwambia afanye hivyo. Asema watu walijaa. Asema Nasra alifungiwa chumba cha juu, na yule mjamzito wa kwanza hakuja. Mavyaa hakumsemesha.

Bado namkasirikia. Lakini alioga.

Jumanne, 18 Februari

Mamangu kapiga simu alfajiri. Ummi ametoka. Vipele vitatu tumboni, kimoja kwenye kope.

Nilivaa buibui. Nilifika ngazini. Nikarudi.

Mtu aniambie mama gani hukaa kitako mtoto wake anawashwa. Nimesikia sauti yake kwenye simu: "Mama, nyanya hajui kunikuna. Njoo." Nikamwambia asijikune, apulize. Akapuliza ndani ya simu. Nikapuliza nami.

Kutoka hapa mpaka Ganjoni ni mwendo wa dakika ishirini. Nawachukia. Mavyaa, Rukia, na liwa yao. Naandika hivyo hivyo, ni daftari langu. Kama hawakuwa na huruma nami, huyu ni damu yao!

Ijumaa, 21 Februari

Damu imerudi. Sina kinga ya tetekuwanga. Sikuwahi kuugua.

Nikamwambia mamangu. Kahesabu majina yetu moja moja. Kisha: "Basi alikuwa kakako." Watoto watano, mwarobaini mmoja, kachanganya. Nilitaka kupiga kelele, nikaona nacheka, na yeye akacheka, kisha akaanza kulia. Akasema kama ningemsikiliza yeye ningeziacha zile dawa. Nikamwambia sikukusikiliza, Mama, tulia.

Najikagua asubuhi na jioni. Mgongo namuonyesha Athman. Anashika taa ya simu, apita polepole kama mtu atafutaye sindano mkekani. Jana alisema, mdomo wake ukiwa mgongoni kwangu, "Mwaka jana ningempeleka." Nikamwambia ndiyo. Ungempeleka.

Jumapili, 23 Februari

Joto la mwili usiku. Thelathini na saba na nusu. Nimempigia Sista saa hiyo hiyo, hakuninunia. Asubuhi limeshuka. Hakuna kipele. Nimeshinda nimelala. Kofia imebaki pale pale.

Jumatano, 26 Februari

Siku ya ishirini na moja. Athman kanipitia taa mara mbili. Hakuna kitu.

Sikufurahi kama nilivyofikiri. Nimechoka tu. Kesho damu ya figo.

Ijumaa, 28 Februari

Figo liko sawa. Sista amesema chanjo ya ini tutaanza upya baada ya Ramadhani, dozi kubwa zaidi, tuone.

Ummi amerudi asubuhi. Maganda yote yamekauka, mengine yameanguka. Kakonda. Kajifunza kwa mamangu kusema "alaa!" kwa kila kitu. Nimemuogesha beseni zima, kidole kwa kidole. Amenihadithia kila kipele kilikokuwa, na nimekibusu kila mahali, hata palipokuwa hapana kitu.

Baada ya swala ya Ijumaa mavyaa alikuja. Ni siku za watu kutakana radhi kabla ya mfungo, kwa hiyo nilijua atakuja, na nilikuwa nimejitayarishia maneno makali. Nikafungua mlango. Alikuwa peke yake. Hakuingia. Alirudi nyuma hatua mbili kwenye ngazi, mtandio kajifunika mdomo.

Akasema, "Rukia akohoa tangu jana, na mtoto ana makamasi. Nimewaacha nyumbani. Mimi sina kitu, lakini nimelala nao nyumba moja. Niingie, nisiingie?"

Yale maneno makali sikuyaona tena.

Nikasema, "Leo usiingie, Mama."

"Haya."

Akaniomba radhi pale pale ngazini. Nikampa. Nami nikamwomba. Ummi akachungulia miguuni pangu, akampungia mkono, naye akampungia. Akashuka ngazi moja moja, akishika ukuta.

Nimefunga mlango. Tumelala kidogo, mimi na Ummi, feni ikizunguka. Anakoroma kama babake.