Bibi Amezikwa, Sasa Njoo Kazini

Lingeka, 6 Mei 2024

Shangazi Philomena,

Mwadila huko Somanda? Shikamoo. Sisi tunaendelea, isipokuwa Bibi: sasa ni uji tu, na vijiko vitatu anachoka.

Shangazi, wiki mbili walizosema pale kiwanda cha pamba zimekwisha tangu usaili, na sijasikia neno. Nimeandika barua ya kukumbushia, imo humu pamoja na hii. Naomba umpelekee meneja, Bwana Nassib, mkononi mwake. Kwenye fomu niliandika namba yako, maana huku mtandao ni mpaka upande kilima cha shule.

Huu ni mwaka wa tatu tangu nimalize chuo cha ugavi, na ndiyo mara ya kwanza kuitwa usaili. Maksai waliouzwa kwa ajili ya ada yangu Baba hajapata wengine. Msimu huu tumelima kwa jembe la mkono, na mgongo wake umekataa. Kazi hii ya ghala ikinipita sijui nitamtazamaje.

Mwanao,
Specioza

Somanda, 10 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mguu unanisumbua, lakini nashukuru. Mama yangu mbembelezeni, asiache uji.

Barua nimeipeleka. Nilivaa kitenge cha jubilei ya parokia, nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa saba. Katibu alitaka niiache mezani. Nikamwambia nimetumwa nimpe mkononi, siondoki. Bwana Nassib akatoka, akaisoma amesimama, akasema atapiga. Ni mtu wa Tanga, ana adabu zake. Subira yavuta heri. Simu nalala nayo.

Shangazi yako

Somanda, 2 Juni

Mwanangu Specioza,

Habari za huko tangu tuachane? Nilifika salama. Kichwa nilichonyolewa kinapigwa na upepo, na kila nikikishika namkumbuka mama.

Sasa matanga yameanuliwa, nikupe neno nililolibeba. Siku ile napanda basi kuja kumzika, Bwana Nassib alipiga. Umepata kazi, mwanangu. Alitaka uanze Jumatatu, tarehe ishirini. Nikamweleza tuna msiba, amefariki bibi aliyekulea, utafika tukimaliza kilio. Akasema poleni sana.

Sikukuambia kule, maana furaha haiingizwi kwenye nyumba yenye kilio. Ungecheka mbele ya kaburi bichi, ungejilaumu maisha yako yote. Njoo basi. Chumba nimekufagilia, na viatu vyeusi nimekununulia.

Shangazi yako mwenye furaha

Lingeka, 9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naomba mguu uwe umepungua maumivu. Baba hajambo kidogo.

Nilikuja huko kwenu Bariadi Alhamisi. Niliteremka stendi, nikaenda kiwandani moja kwa moja, kisha nikarudi bila kupita kwako. Nisamehe. Kwenye meza ya ghala amekaa Ferdinand, tuliyekuwa naye kwenye usaili. Ameshaanza kupokea pamba.

Bwana Nassib alinikaribisha chai. Akafungua faili, na barua yangu ya kukumbushia ndiyo ilikuwa juu, pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hakutokea." Alisema barua ile ndiyo iliyomfanya anichague mimi. Alingoja siku tatu, akapiga tena, simu haikupatikana. Ilikuwa huku kwetu, ndani ya mkoba wako.

"Pole niliyotoa ilikuwa ya msiba, dada," akasema. "Kazi ilikuwa bado ya Jumatatu."

Nimekasirika, Shangazi, siwezi kukuficha. Siku zile zote tulilala mkeka mmoja, ukanikanda mabega nikilia, na kumbe unajua. Ungesema neno moja tu, ningepanda kilima nikampigia. Lakini najua pia kwamba huku kwetu hakuna anayemwita mfiwa kazini, nawe ulidhani na kule ni hivyo.

Baba aliniuliza nikiwa bado mlangoni. Wewe ni dada yake, na mama yenu hajamaliza mwezi kaburini. Nimemwambia usaili nilishindwa. Akasema labda hatukusoma vya kutosha.

Akikuuliza, nawe sema hivyohivyo.

Mwanao,
Specioza