Barafu ya Ng'ombe Kumi na Mmoja

Jumatatu, 6 Oktoba 1975

Fidelis kalowa tena. Kila asubuhi kichekesho kilekile. Anavua shati lake la kaki la mikono mirefu, analitia chini ya bomba la ofisi, analivaa likiwa linachuruzika, anafunga vifungo mpaka kooni. Halafu taulo lenye maji shingoni. Ndipo anapanda pikipiki. Bwana mifugo mzima, miaka kumi na tisa kazini, anatoka getini kama kuku aliyenyeshewa.

Mimi naendesha na fulana. Upepo ndio dawa ya joto. Hilo halihitaji elimu.

Bwana Mkubwa anajipepea na faili. Ofisini hajatoka tangu Agosti.

Jumatano, 8 Oktoba

Mwamkulu na kurudi. Njia fupi. Mabega yamebabuka, nimepaka mawese, nanuka kama sufuria. Sijamwambia mtu. Kichwa kinagonga. Vumbi tu.

Nimempita mwanamke wa Kisukuma akichunga ng'ombe wake, kajifunika blanketi jeusi, saa saba mchana. Blanketi! Nilicheka peke yangu juu ya pikipiki. Watu wengine ukiwaonyesha jua watakuuliza ni nini.

Ijumaa, 10 Oktoba

Homa ya mapafu imeingia zizi moja njia ya Ikola. Wameshakufa watatu. Zizi linalofuata ni la mjane, Mama Kulwa. Ng'ombe kumi na mmoja, na hana kingine duniani. Wake bado wazima. Kazi nimepewa mimi, Jumatatu.

Chanjo yenyewe inadeka kuliko bibi harusi. Lazima ikae kwenye barafu. Ikipata joto imekufa, unachoma maji. Vichupa vinakaa katikati ya themosi ya mdomo mpana, barafu pembeni, na kifuniko hakiguswi mpaka uwe zizini, kivulini. Barafu ikiisha njiani, unamwaga yote na kurudi. Fidelis amenieleza haya mara mbili, kana kwamba nimeanza kazi jana.

Kisha akaingia kwenye mahubiri yake ya shati.

"Ondoka alfajiri, ndugu. Loweka, funga vifungo vyote. Upepo wa Oktoba haukupoozi, unakukausha tu. Ukifika kijito, loweka tena."

Nimemwambia mimi si nguo ya kufuliwa. Wote wamecheka, naye akacheka. Mtu asiye na haya hata ya kutukanwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Naandika kwa shida.

Nilitoka saa nne. Pancha, si kosa langu. Fulana niliivua nje ya mji, nikaifunga kiunoni. Themosi nyuma, imefungwa kwa mpira.

Saa ya kwanza safi kabisa. Upepo kifuani. Nilimfikiria Fidelis na vifungo vyake nikajisikia mfalme.

Halafu msitu wa mbung'o. Wanakimbia sawa na pikipiki, wanatua mgongoni na huwezi kuachia mkono. Nikaongeza mwendo. Upepo ukawa kama mtu kafungua mlango wa tanuri la matofali. Kijito kimekauka, mchanga mtupu. Maji yangu yalikuwa yameisha zamani. Nikagundua sitoki jasho tena. Ngozi kavu kama karatasi. Barabara ikawa mbili. Nikasimamisha, nikatapika.

Nikafungua themosi.

Kipande kimoja tu, nikaweka kisogoni. Sijawahi kupata raha kama ile. Kipande cha pili kinywani. Cha tatu kichwani. Sikuhesabu vilivyobaki. Nilikaa kando ya barabara kwenye jua na themosi wazi mapajani, nikila barafu ya ng'ombe.

Nilifika saa nane. Ndani ya themosi maji ya uvuguvugu na vichupa vinaelea. Mama Kulwa alikuwa kasimama mlangoni mwa zizi, tangu asubuhi, walisema majirani. Ni yule yule wa blanketi jeusi. Aliniangalia kifua. Akachukua ndoo, akanimwagia yote, kichwa mpaka kiunoni, akavua blanketi lake akalichovya na kunifunika. "Kaa hivyo, baba. Utapoa." Nikapoa. Chini ya blanketi la maji, dakika chache tu, nikapoa.

Kisima chao ni shimo kwenye mchanga wa mto mkavu. Wanachota kwa kibuyu. Ndoo moja ni kazi ya asubuhi nzima.

Kisha nikawachoma ng'ombe wake kumi na mmoja, kwenye ncha ya mkia, mmoja mmoja, kwa mkono wa kitaalamu. Nilijua nachoma maji. Angefanya hivyo mtu mwingine ningemdharau.

"Wabeja sana," alisema. Asante ya kwao. Akanipa maziwa ya mgando. Nikanywa.

Jumanne, 14 Oktoba

Homa. Mgongo wote malengelenge. Nimeandika ripoti nikiwa kitandani. Ng'ombe kumi na mmoja, wamechanjwa, kazi imekamilika.

Fidelis kaja kuchukua themosi aioshe. Kauliza barafu iliisha saa ngapi. Nikasema zizini, baada ya kazi. Akaitikia "Haya." Sipendi anavyosema haya.

Ijumaa, 17 Oktoba

Wale wa zizi la kwanza wamekufa wengine wawili.

Labda ugonjwa hautavuka. Labda chanjo ilikuwa na nguvu bado. Labda, labda. Nimekuwa kama wale wazee wanaokuja ofisini na ng'ombe aliyekwisha kufa wakiomba sindano. Nilikuwa nawacheka.

Treni ya Jumatatu italeta vichupa vipya. Kuvipata lazima nimwambie Bwana Mkubwa vile vya kwanza vimekwenda wapi. Atafurahi sana. Atapata sababu ya kuweka faili chini.

Jumapili, 19 Oktoba

Misa. Padri kahubiri juu ya mavuno. Sikusikia neno. Fidelis mbele yangu, shati kavu, shingo yake haina hata alama moja ya jua. Miaka kumi na tisa.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimemwambia Fidelis kwanza. Kabla sijamaliza akasema, "Nilijua, ndugu. Ndani ya themosi mlikuwa na vumbi jekundu la barabarani." Siku saba alijua. Alikuwa ananingoja. Nilitaka anitukane, hakunitukana, na hilo nalo nimemchukia.

Bwana Mkubwa alinitukana kwa niaba yake. Nimepewa barua ya onyo. Na vichupa.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimetoka saa kumi na moja asubuhi. Shati la mikono mirefu, limeloweshwa, vifungo mpaka kooni. Taulo. Madumu mawili ya maji. Watu wa sokoni walicheka. Ningekuwa wao ningecheka.

Na inafanya kazi. Naandika kwa hasira: inafanya kazi. Upepo ukipita kwenye kitambaa kilicholowa unahisi asubuhi ya Juni. Mbung'o walihangaika juu ya kaki wasipate ngozi. Nilisimama mara tatu kuloweka. Kwa muda wote barafu iligonga nyuma yangu ndani ya themosi, nikaisikiliza mpaka zizini.

Mmoja anakohoa. Ng'ombe mwekundu, mwenye ndama.

Nikamwambia Mama Kulwa. Nilikuwa nimepanga maneno, yakaisha yote.

"Ile ya kwanza ilikuwa maji?"

"Maji."

"Barafu ilikwenda wapi?"

Nikaonyesha kichwa changu.

Aliniangalia tu. Naujua mtazamo ule, nimeutumia miaka. Nimewachoma kumi. Anayekohoa hachomwi, tumemtenga. Nilipomaliza jua lilikuwa utosini, shati kavu, madumu matupu. Ndoo ilikuwa pale, imejaa. Mama Kulwa akaibeba, akapita mbele yangu, akammiminia ng'ombe mwekundu kwenye birika lake la kunywea.

Sikuomba. Nimerudi na shati kavu.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua bado.

Fidelis karudi jana njia ya Ikola. Mwekundu alikufa wiki iliyopita. Ndama anakunywa maziwa ya ng'ombe mwingine. Kumi wazima, hawakohoi.

Ana salamu kutoka kwa Mama Kulwa, hakutaka kunipa, nikamlazimisha. Kwenye ukaguzi wa mwezi ujao aende yeye Fidelis. Yule wa kifua wazi asirudi.

Kesho Fidelis ana safari ya Mishamo, na leo alikuwa mbioni kufunga mizigo. Shati lake la kaki alikuwa kaliacha kwenye kiti. Nimelipeleka bombani nikalijaribu, kuona kama kola bado inashika maji. Inashika. Nikalianika kwenye kamba. Alfajiri nitawahi ofisini nimlowekee, bomba la asubuhi linatoa maji taratibu.