Mkono wa Mwanangu Unawaka, Nami Nimeapa Kunyamaza

Shangazi mshauri, salamu nyingi, nakuita shangazi kama wanavyokuita wasomaji wengine ingawa huenda mimi nimekuzidi umri, na unisamehe mwandiko wangu maana shule niliipitia tu kama mtu anayepita njia, nina jambo limenikaa kooni, halishuki wala halitoki, nakuomba unishike mkono.

Mimi nina mtoto mmoja wa kike, kazi yangu ni kufua nguo za watu na yeye ni msusi, na sisemi kwa kuwa ni wangu, vidole vyake vikipita kichwani mwa mtu utadhani vina macho. Mwaka huu aliota uvimbe kwenye titi la kushoto, ukapimwa, wakatuambia ni saratani, na kabla ya kupasuliwa lazima kwanza achomwe dawa ya kuunyausha. Shangazi, mimi dawa nazijua, vidonge najua, dripu najua, lakini dawa kama hii sijapata kuiona. Ni nyekundu, nyekundu ile ya wino wa mwalimu wa kusahihishia, ambao naukumbuka vizuri kwa sababu daftari langu lilikuwa limejaa huo tu. Muuguzi anayeileta huvaa koti refu la kufungia mgongoni, glavu juu ya glavu, miwani na barakoa, kama mtu anayekwenda kurina asali, nikamuuliza mbona unajifunga hivyo mwanangu, akanijibu taratibu kwamba tone lake moja likimdondokea linaweza kumbabua ngozi. Nikautazama mkono wa mwanangu. Kitu ambacho mwenye kukijua anakiogopa tone, chote kile kinaingia kwenye mshipa wa mwanangu, naye amekaa anachezea simu. Nikasema, Shangazi, Mungu wangu, binadamu tumefika wapi.

Wagonjwa wenzake wanaokaa viti vya pale hospitalini wanaiita Mama Mkwe, wanasema ukiiheshimu mtakaa, ukiizoea itakuonyesha. Nywele zake zilidondoka zote, msusi hana hata unywele wa kujisuka, mwenyewe anacheka anasema sasa wateja hawatalalamika kwamba anajipendelea. Mkojo wa siku ya kwanza ulitoka mwekundu nikapiga yowe nikidhani ni damu, kumbe tulishaambiwa ni rangi ya dawa, mimi nilisahau. Lakini ule uvimbe Shangazi, uliokuwa kama yai la kuku, baada ya sindano ya pili niliushika nikakuta umebaki kama kunde iliyolowekwa. Nilikaa chini. Sijui dawa ile imetengenezwa na watu wa namna gani, ila nawaombea kila nikisali.

Sasa shida yangu ni hii. Huwa wanamchoma mkono wa kulia, maana wa kushoto hawataki kuugusa, uko upande wa uvimbe, na kila mara kabla hajaanza muuguzi humwambia, ukisikia moto, hata mdogo kama wa kuumwa na siafu, sema, nitasimamisha. Sindano ya tatu mwanangu alisikia moto. Nilimwona anakaza meno, nikamuuliza kwa macho, akanitolea macho ninyamaze, nikanyamaza. Mimi ndiye niliyemlea hivyo, tangu mdogo akianguka nilikuwa namwambia mtoto wa mfuaji halii, na pale kitengoni kila mtu alikuwa anamsifu kwa uvumilivu wake, ndiyo hakutaka kuivunja sifa. Tulipofika nyumbani nyuma ya kiganja palikuwa pekundu pamevimba, nikafanya ambalo kila mama angefanya, nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikamkanda, asubuhi nikamkanda tena, na kila nikimkanda ule wekundu unapanda. Leo ni siku ya nne, ngozi imeota malengelenge, vidole viwili havikunji vizuri, anasuka kwa vilivyobaki huku amejifunga kitambaa na wateja amewaambia aliungua pasi.

Nikamwambia twende hospitali, akakataa. Akasema, "Mama, mkono ule umekatazwa na huu umeharibika. Wakiuona wataniambia dawa basi. Bora nipoteze vidole kuliko kumpoteza Mama Mkwe." Akaniapisha, nami nikaapa kwa maziwa niliyomnyonyesha kwamba sitafungua mdomo. Siku ya sindano nyingine atavaa blauzi ya mikono mirefu, ndivyo alivyopanga.

Na kingine nisije nikasahau, walinipa glavu za kufulia shuka zake zile siku za mwanzo za dawa, sikuzivaa. Nafua nguo za watu nisiowajua kwa mikono mitupu, leo nivae glavu kwa mwanangu, aone namwona uchafu?

Nikisema nimevunja kiapo, na labda nimemnyima dawa inayomponya. Nikinyamaza, mkono unaungua ndani kwa ndani mbele ya macho yangu. Nifanye nini?

Mama wa Msusi

SHANGAZI ANAJIBU

Mama wa Msusi, wasomaji wanalisoma jibu hili leo, lakini wewe ulilipata kwa simu siku ileile, maana barua yako haikuwa ya kupanga foleni. Ulisema niliandike kwa ajili ya wenzako na nisilipunguze ukali. Haya.

Mama, kuna uvumilivu, na kuna kuufunika moshi kwa kanga huku nyumba inaungua. Dawa ile ikiwa ndani ya mshipa, damu huibeba ikaenda kufanya kazi yake. Ikivuja nje ya mshipa hubaki palepale ikila nyama polepole, siku hata wiki nyingi. Muuguzi anaposema "ukisikia moto sema," hampimi mwanao ushujaa. Pamoja na miwani yake yote, macho yake hayafiki chini ya ngozi. Mwenye kuona huko ni mwanao peke yake, nanyi mkamfumba mdomo yule shahidi mmoja.

Halafu maji ya moto. Najua ulikanda kwa mapenzi, hata mimi ningechemsha. Lakini daktari wa saratani niliyemuuliza aliniambia kwamba hii nyekundu ikivuja hutulizwa kwa baridi, joto huisambaza, na ziko dawa nyingine za saratani ambazo ni kinyume chake. Ndiyo maana usikande, usipake kitu, usitoboe lengelenge, mpaka wenye kazi yao waone. Tena ipo dawa ya kupunguza madhara ya kuvuja, ila hiyo hutolewa saa za mwanzo, na saa hizo ninyi mlikuwa mnachemsha maji. Sisemi hivi ili ulie. Nasema ili mama mwingine anayesoma hapa, na mtoto wake mkono unamwaka, aweke gazeti chini anyanyuke.

Kiapo? Maziwa yale yalikuwa ya kumkuza, usiyaapie ya kumwangamiza. Kumficha tabibu kidonda cha mgonjwa wake si siri ya mama na mwana, ni kumpa tabibu usukani ukamfunga macho.

Na glavu si dharau, mama. Muuguzi alipovaa zake, ulimwona anamwona mwanao uchafu? Ulimwona anaiheshimu dawa. Dawa hiyo hutoka kwenye mkojo na matapishi kwa siku mbili tatu, sasa zivae siku hizo, shuka zake uzifue kando na nguo nyingine, na choo kimwagiwe maji ya kutosha. Mikono yako ndiyo inayomuuguza, ikibabuka nani atamuuguza? Hapo hapo nikuambie lingine, akipata homa usimpe kidonge ukasubiri kuche. Dawa inayonyausha uvimbe hunyausha pia askari wa mwili, na homa kwake ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Vilevile inaweza kuuchosha moyo, kwa hiyo vipimo vya moyo walivyompangia asikose, na akihema kwa shida au miguu ikimvimba, waambie. Nawe mizizi na majani utakayoletewa na majirani wenye huruma, waonyeshe wa hospitali kabla hayajafika kikombeni.

Sasa wasomaji watauliza ikawaje.

Mlikwenda kesho yake asubuhi. Mtoto alinuna njia nzima, akakaa kiti cha mbali kana kwamba hamjuani. Muuguzi akafungua kitambaa, akaugeuza mkono akiukagua, hakufoka. Msusi mwenyewe ndiye aliyeuliza kama dawa ndiyo imekwisha. Jibu alilopewa uliniambia umelibandika moyoni: "Dawa haifukuzwi, mdogo wangu. Inatafutiwa mlango mwingine."

Daktari wa upasuaji akauangalia mkono, kidonda kikaanza kusafishwa, na sindano ikasogezwa mbele kidogo mpaka hali itulie. Kisha wakampandikiza kimlango kidogo chini ya ngozi ya kifua, upande usio na uvimbe, chenye mpira mwembamba unaoingia kwenye mshipa mkubwa, hata mkono hauguswi tena. Uliponieleza hayo ulisema, Shangazi, wamemtoboa mwanangu mlango kifuani na anatembea. Kidole kimoja bado kigumu. Anajizoeza kusuka nyuzi za sufu jioni. Huenda kikarudi, huenda kisirudi chote, sitakudanganya.

Wiki hii ukanipigia tena, safari hii unacheka. Sindano mpya ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuingia, mara yule mwanao wa kukaza meno akanyoosha mkono juu kama mtoto wa darasani, akasema, "Dada, hapa pananiuma." Muuguzi akasimamisha kila kitu, akainama, akakagua pale kifuani kwa muda mrefu, akakuta ni plasta imevuta ngozi. Viti vyote vikaangua kicheko, mmoja akasema leo Mama Mkwe amesingiziwa. Msusi akaona haya, akajifunika uso kwa mkono wake mzima. Muuguzi hakucheka. Akaibandua plasta, akabandika nyingine, akamwambia, "Nisumbue hivyohivyo mpaka tumalize," ndipo akaiachia ile nyekundu iendelee kushuka.

Basi mama, wewe kaa kiti chako cha pembeni, ustaajabu upendavyo, hata mimi nastaajabu. Ukifika nyumbani vaa glavu zako. Na mtoto akisema anaumia, usimwambie avumilie. Mwite muuguzi.