Macho ya Baba

Mtaa wa Corve,
Ludlow.
14 Mei, 1637

Mpendwa kaka yangu Jocelyn,

Hujambo huko ng'ambo ya bahari? Mkeo Patience hajambo? Na Lettice, ameanza kutembea? Mungu akipenda barua hii iwakute wazima. Mimi ni mzima, ila kifua hunibana kukiwa na unyevu. Nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja na kijakazi.

Kaka, kaa kitako kwanza. Baba yetu ametutoka. Alifariki mwezi wa Machi akiwa usingizini, nasi tukamzika kando ya Mama katika kanisa la Mtakatifu Laurence. Usilie peke yako, mwambie Patience akushike mkono.

Unakumbuka zile chupa za mkojo zilizopangwa dirishani asubuhi? Mji mzima ulituletea. Baba aliinua moja moja kwenye mwanga ili asome maradhi ya mwenyewe, akikunja uso, nasi tukijiziba midomo nyuma ya mlango. Na yule muuza bia alivyokuwa akimpigia kelele kutoka barabarani, "Tabibu Wyndle, ya leo umeionja au umeinusa tu?" Baba naye humjibu, "Nimeionja, ni tamu kuliko bia yako!" Siku hizi dirisha lile ni tupu, na kila nikilipita moyo unaniuma.

Ulipoondoka macho yake yalikuwa mazima. Baadaye mtoto wa jicho akaanza kuyafunika, naye hakumwambia mtu. Alikuwa akinipa chupa, "Thomasine, mama, wewe unaonaje rangi hii?" Nikadhani ananifundisha kama alivyokufundisha wewe. Nilifurahi mno, kaka. Nilimjibu, "Kama majani makavu, Baba," naye akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimefaulu mtihani.

Kisha mwaka juzi Marjory, mke wa Hugh Pardoe mshona glavu, akashikwa na homa kali. Mwili ulimtoka madoa. Tulipofika, Hugh alikwisha kuandaa bakuli la kukingia damu na kisu kimenolewa. Baba akamshika Marjory mkono, akainama hadi pua ikakaribia kugusa ngozi. Akaomba dirisha lifunguliwe. Likafunguliwa.

"Hugh," akasema, "mkeo simwoni. Wala wewe sikuoni."

"Tabibu, acha mzaha! Mwenzangu anakufa!"

"Si mzaha, bwana. Naona mwanga na vivuli tu. Madoa haya yakiwa mekundu, kumtoa damu kutamponya. Yakiwa yameanza kuwa meusi, kutamuua. Nami siwezi kuyatofautisha."

Nikataka kusema rangi niionayo. Akaninyamazisha kwa mkono. "Binti yangu nitamuuliza habari za chupa. Kisu sitakishika kwa macho ya mtu mwingine. Panda farasi, Hugh, kamlete tabibu Sayce kutoka Leominster."

Sayce! Yule yule aliyesema hadharani sokoni kwamba Baba anafaa kutibu kondoo. Hugh alimtukana Baba matusi ambayo siwezi kuyaandika, kisha akaenda. Baba hakuondoka. Alimkanda Marjory kwa vitambaa vya maji baridi, akamnywesha maji ya shayiri kidogo kidogo, huku akimsimulia ulivyowahi kutumbukia kwenye mto Teme na viatu vipya. Marjory alicheka katikati ya homa.

Sayce alifika alasiri. Akatazama, akaliweka bakuli pembeni. "Asitolewe damu," akasema. "Nani amemtunza hivi?" Wakati wa kuondoka, Baba akaanza kupapasa ukuta penye ngazi. Nilijiandaa kusikia kejeli. Sayce akampa mkono tu, "Shika hapa, mzee wangu. Ngazi hizi ni mbaya hata kwetu sisi tunaoona."

Marjory alipona. Lakini habari zilienea, na watu wakahamia kwa Sayce. Sikuwalaumu, wala Baba hakuwalaumu. Marjory peke yake alikuja kila siku ya soko, akikaa naye bustanini kumenya njegere na kubishana juu ya mvua. Hugh naye alikuja mwishoni kuomba radhi, Baba akamwuliza glavu zinauzikaje.

Wiki ile ya mwisho aliniomba nimsimamishe kwenye mlango wa mbele, akaelekeza uso upande wa barabara ya Hereford, uliyoondokea wewe.

"Kuna watu barabarani?"

"Wapo, Baba."

"Jocelyn yumo?"

"Bado."

"Basi tungoje kidogo," akasema. Tukasimama pale, ameniegemea, mpaka miguu yake ikachoka.

Shangazi Ursula anakusalimu, na Bettris kijakazi pia. Marjory na Hugh wanamtumia Lettice glavu ndogo. Zimo ndani ya kifurushi hiki. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Mola awafunike kwa rehema zake, nchi kavu na majini.

Ni mimi dada yako, akupendaye kama zamani,
Thomasine Wyndle