Tone Moja la Damu ya Ayoo

Kericho,
Jumanne asubuhi.

Kwako kaka Kepher,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Rebeccah, na kwamba duka linaendelea vizuri hapo Mulot. Sisi huku kambini, kwenye mashamba ya chai, hatujambo. Mama anasumbuliwa na magoti kwa sababu ya baridi, lakini bado anashinda ofisi ya mfuko wetu wa msaada akiwapangia watoto vitabu na soksi. Anasema nikiolewa ndipo atapumzika. Mimi humjibu kwamba sijaona mume anayejua kupanga soksi.

Tangu tuanzishe mfuko kwa jina la dada yetu marehemu, Ayoo, hatujawahi kuwa na watoto wengi hivi: kumi na tisa, wote wenye ugonjwa wa damu wa seli mundu kama yeye. Tunawalipia karo na dawa, ili asiwepo mwingine wa kurudishwa nyumbani kwa kuwa maumivu yamemkosesha masomo. Kazi yangu ni kuwatembelea. Siku hizi humtazama mtoto mikono na miguu kabla sijamtazama usoni, maana kwa wachanga ugonjwa huu huanza kwa kuifurisha. Ni tabia mbaya, na siwezi kuiacha.

Unakumbuka mlipokuja Desemba kwa ibada ya kumbukumbu, siku ambayo mfuko huleta muuguzi kupima watoto damu. Mama alimwinua binti yenu mbele ya watu, akawaeleza jinsi Ayoo alivyomjia ndotoni akidai jina lake, nanyi mkampa mtoto, na sasa jina limerudi nyumbani. Watu walilia kwa furaha. Mimi nilikuwa naangalia vidole vya mtoto. Vilikuwa vimefura, na soksi zilimwachia alama miguuni. Rebeccah aliponiona alisema ni baridi ya Kericho tu, Mulot huwa hafuri. Nikasema sawa.

Haikuwa sawa, kaka. Rebeccah alipokwenda kusaidia kumenya viazi aliniachia mtoto. Nilimpeleka kwa muuguzi nikadanganya kwamba mmeruhusu. Akamchoma kidole. Mtoto alipolia, niliwaambia watu ameogopa ndevu za mzee Chepyegon, mlinzi wetu, naye mzee akasema mtoto asilaumiwe, hata mbuzi wake humkimbia. Wote wakacheka. Jibu lilitoka kabla viazi havijaiva. Damu nyingine ilipelekwa maabara, na wiki iliyofuata jibu likawa lile lile. Ayoo mdogo ana seli mundu.

Nimelificha wiki tano. Najua damu haisomi majina. Nawaeleza wazazi kila siku kwamba ugonjwa huu hutoka kwa baba na mama wote wawili, wala hakuna mwenye kosa. Lakini niliogopa Mama atasema ameuita ugonjwa pamoja na jina. Niliogopa watu watamgeukia Rebeccah. Niliogopa uso wako. Nimekupigia simu mara tatu, na kila mara nikaishia kuuliza bei ya mahindi.

Leo asubuhi Rebeccah ndiye aliyepokea. Alisema mtoto ana joto tangu jana, ni meno, mtamwona daktari Alhamisi siku ya soko ikipita. Nikamwambia pole, nikakata. Dada yetu alianza na joto hivyo hivyo, na hakumaliza siku mbili. Tangu hapo nimepiga mara sita na simu imezimwa.

Msisubiri Alhamisi. Msisubiri hata kufunga duka. Obure anayekuletea barua hii ni dereva wa mfuko, na nimemwambia asizime gari. Mfunikeni mtoto vizuri, mnyonyesheni njiani, mwende hospitali ya Longisa, mkamwonyeshe daktari karatasi ya maabara niliyoibana hapa. Ningekuja naye, lakini siwezi kumwacha Mama aipate habari hii kwa mtu mwingine. Tutawafuata leo hii.

Mwambie Rebeccah nitamwomba msamaha mwenyewe, ana kwa ana. Wewe ukinikasirikia nitaelewa, bora uwe ndani ya gari.

Namwona Mama kutoka dirishani. Amesimama kando ya gari akicheka na Obure, anamtuma ambusu mjukuu wake. Natoka kumwambia.

Mdogo wako,
Dorine