Lita Nne za Panya Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa idara kaniita. Kamati ya vyeo inakaa tarehe 28. Nautaka uprofesa? Basi makala yangu kubwa iwe imenukuliwa na watafiti wengine mara mia. Nimehesabu: kumi na nne. Na sita kati ya hizo nimejinukuu mwenyewe! Miaka tisa nachunguza ubongo wa panya mwenye kiu — anakumbuka njia upesi kuliko aliyekunywa akatosheka — na dunia kimya.

Alhamisi, 6 Machi
Arobaini na moja! Nimefunga kompyuta, nimeifungua tena. Arobaini na moja.

Ijumaa, 7 Machi
Sitini na tatu. Mume wangu kamwambia mama yake, mama yake kautangazia ukoo mzima. Shemeji anauliza kama nitapewa dereva. Mwenzangu wa ofisi ya pili kanipongeza kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Raha tupu!

Jumatatu, 10 Machi
Raha imekwisha. Leo nimefungua moja ya makala zinazoninukuu, nione wanasemaje. Wanasema tuepuke makosa ya vipimo, kama yale ya panya aliyekunywa lita nne kwa siku. Nikafungua ya pili. Lita nne. Ya tatu ina mchoro — panya na ndoo!
Nikakimbilia makala yangu, ukurasa wa tano. Lo! Si mililita. Lita. Panya wa gramu thelathini! Niliisoma mara ishirini kabla haijachapishwa. Macho yalikuwa wapi?
Nimemwonyesha Jibini — ndivyo tunavyomwita mzee anayelisha panya wetu. Kacheka mpaka kakalia gunia la chakula chao. Daktari, huyo si panya, huyo ni tangi! Halafu akajifuta machozi, akauliza taratibu: sasa ile kazi yetu yenyewe, ya miaka yote, kuna aliyeisoma?
Nikachukua chupa, nikaanza kuwajazia panya maji.

Jumanne, 11 Machi
Mkuu wa idara hakushtuka hata kidogo. Kamati inaangalia idadi, basi. Nitulie, nisitume masahihisho mpaka cheo kipite. Kwani nani kaumia?
Jioni mama kapiga simu. Nikamwambia watu wananicheka.
"Mwanangu, huyo panya ulimpa maji kiasi gani?"
"Mililita nne, mama."
"Basi waambie."
Kana kwamba ni kuomba chumvi!

Ijumaa, 14 Machi
Tisini na nane. Na barua pepe kutoka kwa mwanafunzi wa mbali, simjui. Anakiri alianza kwa kucheka, lakini akasoma hadi mwisho. Anataka kurudia jaribio langu lote! Ila anaomba kipimo sahihi cha maji, maana msimamizi wake hataki hata kuisikia makala ya lita nne.
Mtu mmoja. Miaka tisa nimemngoja mtu huyu.
Nimemjibu. Kisha nimeliandikia jarida, mistari miwili ya masahihisho. Nimebonyeza "tuma" upesi, kama mwizi. Mkuu sijamwambia.

Jumatano, 26 Machi
Mia na thelathini! Masahihisho yametoka, na yenyewe yameshanukuliwa mara mbili. Mkuu kayaona. Ananipita kwenye ngazi kama anapita nguzo.

Ijumaa, 28 Machi
Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati. Nilieleza utafiti wangu dakika kumi, vizuri tu, mpaka mjumbe mmoja, daktari wa mifugo, akanyoosha mkono: ana swali dogo kuhusu maji. Nikasema ukweli wote. Wakaniomba nitoke. Sasa wanacheka — kicheko cha mwenyekiti nakijua, kama pikipiki inayogoma kuwaka.

Katibu katoa kichwa mlangoni. Kamati inauliza: naombea cheo kwa andiko lipi, makala au masahihisho? Fomu ina nafasi moja.
"Masahihisho."
"Daktari, hayo yamenukuliwa mara mbili tu."
"Ndiyo. Mbili."
Kaniangalia. Karudisha kichwa ndani, kafunga mlango polepole.

Kicheko kimekatika. Sasa wanabishana! Sauti kubwa kuliko zote ni ya mkuu wa idara, lakini mlango huu ni mnene — sisikii kama ananitetea au ananizika.